MPIGA MARIMBA NA KITANDA CHA MGONJWA

Swali moja huzuka mara kwa mara barazani, hata penye mlango wa kanisa watu wanapoagana, nasi twaona yafaa tulijibu. Je, mtu ambaye mwenzi wake wa ndoa amelala na jeraha lisilopona upesi, au lisilopona kabisa, ana ruhusa ya kushika tena chombo chake cha muziki? Wengine hujibu mara moja kwamba hana. Sisi hatulipokei jibu hilo kabla ya kulipima, maana jibu la haraka juu ya mambo ya nyumba ya mtu mara nyingi hutoka kwa yule asiyelala katika nyumba hiyo.

Tuweke mfano. Hatumtaji mtu, wala hatusimulii habari za nyumba moja. Ni sura ya nyumba nyingi. Bwana mmoja wa kijiji cha uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala, ni mkulima wa korosho na mihogo. Muziki haujampa chakula hata siku moja. Jioni, jembe likiwekwa pembeni, huketi uani akapiga marimba ya mkononi, yale ya kibao na vijiti vya chuma. Jumamosi huwafundisha wanakwaya sauti zao. Penye sherehe huitwa kupiga ngoma, akaipasha ngozi moto kwanza mpaka ikaze. Malipo yake ni sahani ya ugali na shukrani, basi. Huyu ndiye tunayemwita mwanamuziki wa mapenzi: hapigi kwa sababu analipwa, anapiga kwa sababu anapenda.

Siku moja mkewe apanda pikipiki ya abiria, nayo yaanguka. Uti wa mgongo waumia. Washuka naye kwa gari mpaka Masasi, katika hospitali ya Mkomaindo, ile iliyoanza kama hospitali ya misheni ya Waanglikana na ambayo leo ni ya Serikali. Siku za kwanza watu wote wapo. Ndugu waleta uji, wafua nguo, walala nje wakingojea habari. Kisha mgonjwa arudishwa nyumbani, na miguu yake haina nguvu. Wiki moja, wiki ya pili, wageni wapungua. Ndipo kazi inapoanza.

Yafaa tuitaje kazi hiyo kwa hesabu, maana wengi huisifu bila kuijua. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani hana budi kugeuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, ili ngozi isife penye mifupa, yaani visiginoni, nyongani na makalioni. Isipofanyika hivyo hutokea vidonda vya kulalia, navyo vimewaua watu wengi waliokwisha kuokoka na ajali yenyewe. Saa mbili maana yake mara 12 kwa siku. Kwa mwaka ni zaidi ya mara 4,000. Juu ya hayo kuna kunyoosha viungo visikakamae, kutazama ngozi kila siku, kumsaidia katika haja zake, na kufua. Na kufua huko si jambo dogo katika uwanda usio na mito, ambako tangu zamani akina mama wameshuka mabondeni kutafuta maji. Bomba likikauka, shuka za mgonjwa hazingoji.

Tena kuna jambo la desturi. Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa. Kwa mila ya zamani mume ndiye aliyehamia kwa watu wa mkewe. Basi mke akiumia, huenda wajomba na kaka zake wakamwambia shemeji yao kwa upole, “Mwana ni wetu, wewe nenda zako, hatutakulaumu.” Kwa hiyo mlango u wazi mbele ya bwana huyu. Akibaki, habaki kwa kuwa hana pa kwenda. Abaki kwa sababu siku ya ndoa aliahidi kutomwacha mwenzake, iwe afya, iwe ugonjwa. Hapo twaona kwanza kwamba uaminifu wake si kifungo; ni tendo la mtu huru, analolichagua upya kila asubuhi.

Sasa turudi kwenye marimba. Kibao kile kimetundikwa ukutani tangu siku ya ajali, na vijiti vyaanza kushika kutu. Jirani mmoja asema, “Vizuri! Nyumba yenye mgonjwa si nyumba ya kuchezea.” Jirani wa pili asema kinyume: “Mtu huyu atakufa kabla ya mkewe. Atoke, aende ngomani, akapige mpaka alfajiri, asahau.” Wote wawili wamtakia mema. Sisi twadhani wote wawili wamekosea, na tena wamekosea mahali pamoja.

Jirani wa kwanza huona muziki kuwa anasa, kama sukari, ambayo mtu mwenye adabu huiacha wakati wa msiba. Lakini ugonjwa wa miaka si msiba wa siku tatu. Mtu aweza kujinyima kwa matanga. Hawezi kujinyima kwa miaka 20 pasipo kitu fulani ndani yake kugeuka uchungu. Tumewaona watu waliotupa kila walichokipenda kwa ajili ya mgonjwa, na mwishowe, bila kutaka, wakaanza kumdai. Hawasemi kwa maneno. Wasema kwa namna ya kuweka bakuli chini, kwa kuguna wakati wa kumgeuza. Mgonjwa ana masikio makali. Asikia deni linavyoongezeka, wala hana cha kulipa. Sadaka inayomfanya apewaye kuwa mdeni ina kasoro, hata ikiwa imetoka katika moyo wenye nia njema.

Jirani wa pili naye huona muziki kuwa mlango wa nyuma. Twakiri kwamba mchukua mzigo ahitaji kupumzika. Asemaye hapana, huyo ndiye ambaye mithali yetu yamhusu: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini kupumzika si kukimbia. Mtu aendaye ngomani ili asahau, hurudi alfajiri akakuta saa mbili tatu zimepita pasipo mtu kumgeuza mgonjwa, na kidonda kimeanza. Tena akiisha kuzoea kwamba raha iko mbali na kitanda, basi kila aonapo kitanda huona adui wa raha yake. Muziki wa namna hiyo wamfundisha kuondoka, kidogo kidogo, hata kama mwili wake warudi kila siku.

Kosa lao moja ni hili: wote wawili wametenga vitu viwili, wakaviweka katika mizani. Huku mke, huku marimba. Kimoja kikipanda, cha pili kishuke. Sisi twauliza: ni nani aliyesema kwamba ni vitu vya kushindana?

Tutazame ng'ambo ya mto Ruvuma. Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa Austria, Gerhard Kubik, alisafiri kaskazini ya Msumbiji akarekodi muziki wa watu wa huko. Kati ya vyombo alivyovieleza yamo marimba ya magogo ya Wamakua: vipande vya mti vyalazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, na watu wawili waketi wakitazamana, wakipiga chombo kimoja. Wa kwanza aanza, na wa pili apiga katika nafasi ambazo mwenzake ameziacha. Ukimsikiliza mmoja peke yake, wasikia kitu kidogo, kinachorudiwa tena na tena, hata wachoka. Wakipiga pamoja, hutokea wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeushika mikononi mwake. Wimbo huo uko kati yao.

Twaamini kwamba yeyote aliyelelewa katika muziki wa namna hii amekwisha kufundishwa uuguzi, ila hajui. Amejifunza kurudia jambo dogo mara elfu bila kulidharau. Amejifunza kungoja zamu yake. Amejifunza kutokwenda mbio wakati mwenzake yu polepole, maana asiyesikiliza mapigo ya mwenzake, hata awe na vidole vyepesi namna gani, huharibu wimbo wote. Kugeuza mtu kila baada ya saa mbili ni kazi ya mapigo. Mpiga ngoma aliyeizoea subira hiyo asiitupe ngoma yake siku anapoihitaji zaidi.

Hata katika nchi za mbali swali hili limewahi kuulizwa. Huko Ujerumani, Robert Schumann aliumia mkono akali kijana, akashindwa kuwa mpiga piano wa jukwaani. Nyimbo alizozitunga, wengi walizisikia kwa vidole vya mkewe, Clara. Mwaka 1854 akili ya Robert iliugua, akapelekwa katika nyumba ya wagonjwa huko Endenich, karibu na Bonn. Clara alibaki na watoto saba, na mdogo wao alizaliwa baada ya baba kuondoka. Kwa zaidi ya miaka miwili hakuruhusiwa kumwona, mpaka siku za mwisho za uhai wake mwaka 1856. Mwaka uleule wa 1854 mama huyo alirudi jukwaani, akalisha watoto, akawapigia watu nyimbo za mumewe. Je, alimwacha? Twasema hakumwacha. Yeye alikuwa fundi mwenye kulipwa, na mkulima wetu halipwi kitu. Lakini wote wawili wana haki ileile, ya kumtumikia mgonjwa kwa kile walicho nacho.

Hata hivyo, wasomaji wapenzi, tumekuwa tukisema habari za mume, za majirani, za wajomba, na sisi wenyewe tumetoa hukumu zetu. Kuna mtu mmoja ambaye hakuna aliyemwuliza. Mama yule aliyelala, yeye asemaje?

Hapa ndipo tunapoona aibu yetu. Mtu akipooza miguu, mara watu huanza kusema naye kama mtoto, au kusema habari zake mbele yake kana kwamba hayupo. Lakini miguu si masikio, wala si akili. Mama huyu amesikia marimba yale kila jioni tangu alipoolewa. Ajua wimbo gani mumewe huukosea, na ni wapi huongeza mwendo bila sababu. Huenda yeye ndiye aliyekuwa akiimba sauti ya pili akisonga ugali. Kibao kilipotundikwa ukutani, si mume peke yake aliyenyamazishwa. Naye pia alinyang'anywa kitu, tena bila ruhusa yake, kisha akaambiwa kwamba ni kwa heshima yake.

Basi aulizwe. Huenda akasema, “Leo sitaki kelele, mgongo waniuma.” Na mume aweke marimba chini, bila kununa, hiyo nayo ni zamu ya kunyamaza, ambayo kila mpigaji aijua. Lakini huenda akasema, “Lete, piga ule wa zamani.” Na siku hiyo mume akikosea, na mgonjwa akamsahihisha toka kitandani, nyumba ile imepona kitu ambacho daktari hana dawa yake. Maana tangu ajali mama yule amekuwa mtu wa kupokea tu: apokea uji, apokea maji, apokea mikono ya kumgeuza. Sasa naye atoa. Ameketi tena upande wake wa marimba.

Ndiyo hukumu yetu, nayo yaweza kusemwa kwa maneno machache. Muziki usiache nyumba ya mgonjwa, bali upatane na mapigo ya kitanda. Upigwapo karibu naye na kwa ridhaa yake, ni sehemu ya uuguzi. Ukimpeleka mtu mbali naye, hata asisikie akiitwa, ni utoro, hata kama wimbo wenyewe ni mtakatifu.

Tusimalize bila kuwakumbusha waliobaki, maana ni rahisi kumwekea mtu mmoja sheria nzuri kisha kwenda kulala. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mara 4,000 kwa mwaka si kazi ya mikono miwili. Kwaya ambayo mwalimu wake amefikiwa na mkasa huu isimtafute mwalimu mwingine kwanza, ijipange zamu. Jumamosi wawili wafike nyumbani kwake, wafundishwe namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumburura, ili mwalimu apate kwenda kufundisha kwa saa mbili na moyo wake utulie. Au, kama mama apenda, mazoezi yafanyike uani kwake. Wajomba na kaka, waliokuwa tayari kumchukua dada yao, wasidhani kwamba kazi yao imekwisha kwa kuwa shemeji amekubali kubaki, walete maji. Na sisi sote tuzingatie kwamba sheria ya nchi yetu ya mwaka 2010 juu ya watu wenye ulemavu yawatambua kuwa watu wenye haki kamili, si mizigo ya huruma yetu.

Mithali yasema kwamba ngoma ivumayo haidumu. Sifa za siku za kwanza hospitalini ni ngoma ya namna hiyo: yavuma, kisha kimya. Kinachodumu ni pigo dogo, la kila saa mbili, lisilosikiwa na mtu ila wale wawili walio chumbani. Basi utakapopita jioni karibu na nyumba ya mgonjwa, ukasikia vijiti vya chuma vikilia taratibu, usiulize watu hawa wana furaha gani. Piga hodi, uingie, ubebe ndoo.