Zawadi Isiyodaiwa

Jioni moja familia fulani iliniita nyumbani kwao. Figo zote mbili za kaka yao zilikuwa zimeacha kufanya kazi, naye aliishi kwa mashine ya kusafisha damu. Vipimo vilionyesha kuwa mdogo wake wa kike anaweza kumpa figo moja. Mama yao akaniambia, "Baba Mchungaji, mwambie huyu binti kwamba Mkristo hamnyimi ndugu yake." Binti aliinama, hakusema neno.

Zamani swali hili lisingeingia katika nyumba ya Dodoma. Mwenye uwezo alikwenda India. Wengine walibaki na maombi yetu. Mwaka 2017 Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ikafuata. Tunamshukuru Mungu kwa elimu hiyo. Lakini jambo lisilowezekana halina lawama. Likishawezekana, anayesita huanza kutazamwa kama muuaji.

Je, kukataa ni dhambi?

Sisi wa nyanda hizi kavu tumelelewa kugawana. Mvua ikikosekana, mwenye uwele humpimia asiye nao, na kumnyima ni aibu. Hoja ya mama yule ina uzito. Hata hivyo, mwili si ghala. Mtu mwenye afya anaweza kuishi na figo moja, lakini upasuaji hauachi kuwa na hatari, na figo iliyotolewa hairudi msimu ujao.

Tena Bwana wetu, katika Yohana 10, anasema uhai wake hakuna anayemnyang'anya; anautoa mwenyewe. Bila hiari hiyo msalaba ungekuwa mauaji tu, si sadaka. Paulo hakutaka Wakorintho wachange hata fedha kwa kushinikizwa, sembuse figo? Sisi Walutheri tumefundishwa kutofautisha sheria na injili. Tukiufanya upendo wa Kristo kuwa kamba ya kumfunga binti huyu, tumeigeuza injili kuwa sheria.

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulifanyika Boston, Marekani, mwezi Desemba 1954. Ronald Herrick alimpa figo pacha wake, Richard. Usiku wa kuamkia upasuaji, Richard alimwandikia Ronald kikaratasi akimtaka aondoke, arudi nyumbani. Ronald akajibu kwamba habanduki. Richard aliishi miaka minane zaidi. Mgonjwa mwenyewe alimfungulia ndugu yake mlango, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, kubaki kwake kulikuwa upendo.

Wapendwa, uhuru huu si kichaka cha kujifichia. Ukiombwa, usikimbie: omba, waulize madaktari, pima hofu yako kama ina msingi. Lakini ukiwa upande wa wanaoomba, fungua mlango kama Richard.

Jioni ile sikumhubiria binti. Nilimwambia mbele ya mama yake kwamba akikubali au akikataa, ataendelea kuwa mtoto wa nyumba hii, na nafasi yake kwenye Meza ya Bwana haitaondolewa. Ndipo akainua uso. Alichoamua baadaye ni chake, nami sitakisimulia.