Vipaza Sauti vya Jioni



Nilienda Japani nikidhani nitakuta kimya. Wapi! Tokyo kumbi za pachinko zinapiga kelele, magari ya kampeni yanapita yakitangaza, hata muuza viazi vitamu vya kuchoma ana wimbo wake kwenye spika. Nikaacha sala ya jioni, kisingizio kelele.

Siku moja jioni nikasikia muziki mtaa mzima. Mwenyeji wangu akaniambia vipaza sauti vile ni vya kutangaza maafa, kama tetemeko na tsunami. Hupigwa kila siku kuvijaribu, ili siku ya hatari visigome.

Nikanyamaza. Na sala yangu je, siku ya tetemeko langu? Tangu hapo muziki ule ukilia, nasali Malaika wa Bwana.

Kijana mwenzangu, jaribu leo jioni.