Umesamehe, au Hamjakutana Tu?



Vijana wenzangu, leo nataka tujadili swali moja lililonisumbua tangu Kwaresima. Mtu anasema "nimesamehe, sina kinyongo", na anaamini anachosema. Lakini tangu akosewe hajawahi kukaa meza moja na aliyemkosea. Je, anasema kweli? Darasani swali hili nililisoma likiwa limefungwa ndani ya majina makubwa ya wanafalsafa. Lilinishika vizuri baadaye, nikiwa nimelala nyuma ya gari bovu huko Kikwajuni.

Gari lenyewe ni Morris Minor, la mzee mmoja wa parokia, mwalimu mstaafu. Aina hii ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na kule ikakoma 1971. La mzee limekaa uani chini ya turubai miaka mingi. Betri yake ya mwisho ilichomolewa wakati ule kisiwa kilipokosa umeme wa bara kwa miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mzee aliisikilizia redio, na haikurudi tena kwenye gari. Sasa anataka aliendeshe mpaka kanisani Minara Miwili, Jumapili moja tu, kabla hajafa. Analisema hilo bila huzuni hata kidogo. Mimi niko hapa kwa mwaka wa uchungaji, na kwa kuwa tangu utoto nilikuwa nachokonoa redio mbovu, nikajitolea upande wa umeme. Kiburi kidogo kilikuwepo, nakiri.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Ukikanyaga breki, taa ya nyuma ya kulia inawaka hafifu kama koroboi. Hapo sawa. Lakini taa ndogo za mbele na ile ya kumulika namba ya gari nazo zinawaka kwa mbali, wakati hakuna aliyeziwasha! Nikabadili balbu. Nikabadili swichi ya breki. Jumamosi ya pili nikavuta waya mpya kutoka mbele mpaka nyuma, mikono ikachubuka yote. Kila hatua nilitoa balbu, nikaingiza ncha za mita kwenye tundu lake, na mita ikanijibu vilevile: volti 12.5. Umeme upo. Sasa taa inataka nini?

Mzee akaniitia fundi wa umeme wa magari, mtu wa rika la marehemu baba yangu, akaja na baiskeli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Mita yako haisemi uongo, mwanangu. Ila umeme wako hujaubebesha kitu."

Akarudisha balbu mahali pake. Akamwomba mzee akae kwenye usukani akanyage breki asiachie. Kisha akagusisha ncha moja ya mita kwenye kikombe cha taa, na nyingine kwenye ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Hapo mita ilipaswa kusoma karibu na sifuri. Ilisoma volti 7.

Nieleze kidogo, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda. Umeme lazima urudi ulikotoka. Kwenye gari, upande mmoja wa safari ni waya, upande wa pili ni bodi yenyewe ya chuma. (Ndiyo, ndugu yangu uliyesoma fizikia, najua: magari mengi ya Kiingereza ya zama zile yalifunga ncha chanya kwenye bodi, kinyume na ya leo. Hoja haibadiliki.) Ile taa inashikwa kwenye bodi kwa skrubu, na chini ya skrubu hewa ya chumvi ya Unguja ilikuwa imefanya kazi yake polepole. Kutu isiyozidi ukubwa wa sarafu. Mita inavuta umeme kiduchu mno, kwa hiyo ile kutu haikuizuia. Mita ikaona volti zote zipo. Balbu inadai umeme wa kutosha kuwaka, na ikidai tu, kutu inakula zaidi ya nusu. Na umeme uliozibiwa njia hautulii. Unapenya kwenye uzi wa pili wa balbu ileile, unafuata waya wa taa ndogo kinyumenyume, unakwenda kuwasha taa zisizohusika, ili mradi ufike kwenye bodi.

"Umekosa mlango, unapita kwa jirani," alisema fundi. Adhana ya adhuhuri ikasikika, akanawa mikono, akaenda kuswali. Akaniachia msasa.

Sasa niwaeleze kwa nini nilibaki nimeshika ule msasa bila kusugua.

Mwaka jana mlezi wangu aliniuliza kama kuna mtu nina kinyongo naye. Nikajibu hapana. Baba yangu alipofariki nilikuwa kidato cha tatu. Baba mdogo akachukua shamba, mama akahamia kwa dada yake. Seminarini nilimwombea baba mdogo karibu kila usiku, na amani niliisikia kweli, siwadanganyi. Yaani nilipima nikasoma 12.5. Ila nilipima balbu ikiwa imetolewa. Kule seminarini baba mdogo hayupo, hapigi simu, hagusi chochote changu.

Kwaresima hii akapiga. Alitaka kunisalimu, na kuniomba nimwombee mtoto wake anayeumwa. Nikamjibu kwa adabu zote, "Sawa baba, nitamwombea." Jioni ileile nikawafokea watoto wa kwaya kwa sababu ya kitabu cha nyimbo kilichoanguka. Mmoja alilia. Kesho yake nikaenda kuungama hasira kwa watoto, nikaungama vizuri, nikatimiza malipizi. Nilikuwa nimebadili balbu.

Basi, je, nilimdanganya mlezi? Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba kiini cha uongo ni kusema kinyume na kilicho akilini mwako. Mimi nilisema kilichokuwamo akilini. Kwa hiyo si uongo, ni kutojua. Hapo ningependa kuishia, na nadhani wengi wetu ndipo tunapoegesha. Lakini Tomaso huyohuyo anatofautisha kutojua na kutotaka kujua. Kuna mtu anayechagua asijue ili asisumbuliwe, na ujinga wa namna hiyo haumwondolei lawama. Katekisimu, namba 1791, inagusa jambo la karibu na hilo inapomtaja mtu asiyejishughulisha kuutafuta ukweli na wema. Nikajiuliza: katika miaka hii tisa, mara ngapi nimepita Dar es Salaam nikijua fika baba mdogo anakaa umbali wa daladala moja kutoka stendi, nikasema muda hautoshi? Muda ulitosha. Sikutaka mita isome.

Frateri mwenzangu mmoja nilipomweleza alinipinga kwa nguvu. "Kwa hiyo kila mtu akajipime? Aliyeacha pombe naye akajipime baa?" Pingamizi hili lina uzito, tusilipite juu juu. Kujitia kwenye kishawishi kwa makusudi ili ujione u imara ni kumjaribu Mungu. Na binti anayepigwa hadaiwi kurudi chini ya mkono unaompiga eti aonyeshe amesamehe. Nalisema wazi kwa sababu nimewasikia mabinti wakishauriwa hivyo, tena na watu wa kanisani. Ni ushauri mbaya.

Nikamjibu mwenzangu kwa lugha ya fundi: waya wa taa haupimwi kwa pasi. Unapimwa kwa taa, kwa sababu kuilisha taa ndiyo kazi yake. Baa haimdai chochote aliyeacha pombe. Lakini baba mdogo hana tena cha kuninyang'anya, wala siku hizi hanitishi. Na ananidai vitu vya kawaida kabisa: salamu, kuhudhuria msiba, kumjulia hali mgonjwa. Mzigo huo ni wangu kwa haki, sijautafuta mtaani.

Soma Mathayo 5:23-24. Yesu hamwambii mwenye sadaka abaki altareni ajichunguze zaidi. Anamwambia aiache sadaka, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Miguu itumike. Na tazama vizuri: pale ni ndugu ndiye mwenye neno juu yako, wala si wewe juu yake. Miaka yote niliyasoma maneno yale nikidhani yanamhusu baba mdogo. Kumbe kukwepwa miaka tisa na mtoto wa marehemu kaka yako, hilo nalo ni neno mtu anaweza kuwa nalo.

Fundi aliporudi msikitini alikuta nimeshasugua. Akapitisha kidole. "Bado. Mpaka chuma king'ae." Tukasugua tena, tukapaka grisi, tukakaza skrubu. Mzee akakanyaga breki. Mita ikasoma 0.1, taa ya nyuma ikawaka nyekundu barabara, na zile za mbele zikabaki zimezima. Mzee alipiga makofi kama mtoto.

Wiki iliyofuata nikaomba ruhusa kwa paroko, nikapanda boti. Baba mdogo alinipokea mwenyewe bandarini. Amezeeka kuliko sauti yake ya kwenye simu. Tulikula wali na maharage nyumbani kwake. Shamba halikutajwa mpaka nilipolitaja mimi, na sikulitaja kwa upole. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akainuka kwenda kumnyanyua mtoto anywe dawa, na kwa kuwa mikono yake siku hizi inatetemeka, nikamshikia kikombe.