Asili Nayo Ilishe Wanawe

Mwacha asili ni mtumwa. Methali hii humwangukia kila kijana anayefunga begi lake, na mzee akishaitamka huona neno limekwisha. Kwangu mimi, halijakwisha. Ipo haki ya kijana ambayo methali haikuitaja, na kijiji kilichonifunza kuitafuta ni Gleann Cholm Cille, kilichopo kaunti ya Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ireland, pale bonde linapokomea kwenye bahari ya Atlantiki.

Asili ya watu wa bonde hilo si haba. Limepewa jina la Mtakatifu Colm Cille, aliyezaliwa Donegal katika karne ya 6, na kila Juni 9, siku yake, waumini hulizunguka kwa miguu mitupu, mwendo wa kama kilomita 5 wenye vituo 15. Baadhi ya vituo ni mawe yaliyosimamishwa na kuchongwa misalaba zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwenye kisima cha mtakatifu, kilimani, kila mwenye kuhiji huweka mawe aliyopanda nayo juu ya yale yaliyowekwa na waliomtangulia. Lundo limekuwa kubwa hata kisima kimebaki katikati yake, na hakuna fundi hata mmoja anayeweza kusema amelijenga yeye.

Hata nyumba zao za zamani zina la kusema. Upepo wa bahari ile hung'oa paa, kwa hiyo nyasi za kuezekea zilifungwa kwa kamba zilizopita juu ya nyumba kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma, zikakazwa kwenye vijiwe vilivyochomoza ukutani. Kamba huchakaa, na kukaza paa upya si kazi ya mtu mmoja. Ndiyo maana kulikuwa na ujima, nao wanauita meitheal. Majirani walikusanyika kuvuna, kukausha majani ya mifugo, na kukata ule udongo mweusi wa kinamasi unaochimbwa vipande kama matofali, ukaanikwa juani, ukachomwa jikoni badala ya kuni. Mshahara haukuwepo. Mwenye kazi alipika, na wao walipokuwa na kazi, alikwenda. Akifa mtu, maiti ililala nyumbani, na majirani walikesha naye hadi asubuhi. Hilo msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa.

Watu wenye urithi wa namna hiyo, mbona waliondoka?

Waliondoka kwa njaa kwanza. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwenye viazi, chakula pekee cha maskini wengi wa Ireland, na katika miaka michache iliyofuata watu kama milioni moja walikufa na wengine kama milioni moja wakahama. Lakini njaa ilipokwisha safari hazikukoma. Vijana wa Donegal waliendelea kuvuka kwenda kuokota viazi katika mashamba ya Scotland, au kwenda Uingereza na Marekani moja kwa moja. Sitawaita watumwa. Fedha walizotuma ndizo zilizolipa kodi ya ardhi na deni la dukani nyumbani kwao.

Kati ya 1937 na 1939 Ireland ilifanya jambo ninaloliheshimu sana. Watoto kutoka shule za msingi kama 5,000 waliambiwa waende kwa babu na bibi zao, waulize habari za kale, za dawa, za visima, za misiba na za mavuno, wakaziandike. Maandishi yale yametunzwa Dublin hadi leo. Watoto wakakua. Katika miaka ya 1950, watu kama 400,000 wakahama nchi ile. Busara ya wazee ilibaki imeandikwa vizuri kabatini, na baadhi ya walioiandika walikuwa wanabeba zege London. Hilo linaniuma kila ninapolifikiri, kwa sababu mtoto alitimiza wajibu wake: aliketi, akasikiliza, akaandika. Aliyepungukiwa ni nani?

Padri James McDyer alifika Gleann Cholm Cille mwaka 1951. Alikuwa ameishi Uingereza miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, akawaona watu wake wakihangaika ugenini. Alikuta bonde lisilo na umeme wala maji ya bomba. Akahimiza ukumbi wa kijiji ujengwe kwa mikono ya wanakijiji, akapigania umeme, maji na barabara, kisha viwanda vya ushirika vya kufuma na kusindika mboga. Mwaka 1967 wakafungua makumbusho yao: nyumba ndogo za nyasi, kila moja ikiwa na vyombo vya karne yake, ya 18, ya 19 na ya 20. Mgeni alilipa kiingilio, na fedha ikabaki bondeni. Paa la babu likaanza kumlipa mjukuu.

Si yote yaliyofaulu. Mradi wa mboga haukudumu kama alivyotumaini, na wapo walioendelea kuondoka. McDyer alifariki mwaka 1987. Makumbusho bado yapo, mali ya wanakijiji wenyewe. Tangu 1984 kipo pia kituo cha Oideas Gael, kinachowafundisha watu wazima lugha ya Kiairishi, ambayo wazazi wengi wa Ireland waliacha kuwarithisha watoto wao wakidhani haina faida. Wanafunzi hutoka nchi nyingi. Wanahitaji kitanda, chai, mkate na mtu wa kuzungumza naye jioni, na wanavilipia katika nyumba za kijiji.