Kiwanja cha Kompani ni cha Nani?

Mwezi uliopita, baada ya Misa ya pili, wazee wa mtaa wetu hapa Dilala waliketi chini ya mwembe kusikiliza shauri la kiwanja. Ni kiwanja cha mpira kilichotengenezwa wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya kambi ya wafanyakazi. Milingoti ya goli imeinama, jukwaa la saruji limepasuka, na kando yake imesimama nyumba isiyo na paa ambayo zamani ilikuwa serkle, yaani nyumba ya starehe, ya kunywa bia, kucheza dansi na kutazama sinema. Tajiri mmoja amekuja na fedha. Anataka mahali pote. Yeye anasema atajenga ghala. Watu wanasema chini ya majani yale kuna mawe ya kobalti. Hati ya kiwanja iko mikononi mwa nani, hilo ni neno la mahakama. Tajiri aliomba jambo dogo tu: wazee watie sahihi kwamba watu wa mtaa hawana neno.

Kumbe walikuwa na maneno mengi. Kijana mmoja aliyesoma alisimama akasema: mahali pale ni alama ya dharau, babu zetu walipewa mpira ili wasahau mshahara, kiache kianguke. Mama mmoja mzee alilia. Mume wake marehemu alipiga tarumbeta katika fanfari ya kambi, na hapo kiwanjani ndipo alipomwona mara ya kwanza. Kisha akasema mchimbaji mmoja, mtu wa kushuka shimoni kwa kamba: “Watoto wangu hawali majani ya kiwanja.” Nami nilipotaka kujibu, akanitazama. “Mwalimu, wewe hujashuka shimoni.” Ni kweli, sijashuka. Nikakaa.

Tangu siku hiyo neno lile halikuniacha. Nimelileta hapa gazetini, si kwa sababu nina jibu la kuwashinda wengine, bali kwa sababu naona swali lenyewe ni zito kuliko tulivyolichukua. Je, mtu aweza kukipenda kwa haki kitu chema ambacho kilijengwa katika udhalimu? Na akikipenda, ni chake?

Kwanza tuseme ukweli wa mambo yalivyokuwa. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Miaka ya kwanza watu wengi waliletwa migodini kwa nguvu au kwa udanganyifu. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengine walitoroka. Baadaye, kuanzia miaka ya 1920, Kompani ilibadili njia, ikaona ni faida zaidi mfanyakazi akae kambini na mke na watoto. Ndipo zikaja nyumba za matofali, posho, hospitali, shule, kiwanja cha mpira na fanfari. Masomo ya watoto yaliwekwa mikononi mwa wamisionari, na Kompani ilitoa fedha. Tusifiche neno hili, hata sisi wa Kanisa: mchezo nao uliingia katika hesabu. Mtu aliyecheza mpira Jumapili hakufanya mikutano ya siri, na Jumatatu alirudi kazini na nguvu.

Tena hesabu hiyo ilivunjika hapo hapo kiwanjani. Desemba 1941, wakati wa vita, bei za vitu zilikuwa zimepanda sana, na wafanyakazi waligoma wakidai mshahara. Tarehe 9 walikusanyika katika kiwanja cha mpira huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Gavana Maron alikuja na askari. Léonard Mpoyi, aliyewasemea wenzake, aliuawa, na makumi ya watu pamoja naye. Mahali pa kuchezea pakawa mahali pa damu. Kijana wetu aliyesoma analijua jambo hili, na hasira yake ina msingi.

Lakini tazameni pia upande wa pili. Mwaka 1939, katika mji ule ule, Mapadri Wabenediktini walianzisha timu ya vijana wakaiita Saint-Georges. Baadaye ikavaa jina la kiwanda cha matairi, ikaitwa Englebert. Na Englebert hiyo ikawa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Leo tunaiita TP Mazembe, nayo mwaka 2010 ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Majirani zao wa Lupopo, timu ya watu wa reli, wameshika mpaka leo jina la Mtakatifu Eligius, aliyekuwa mfua vyuma kabla ya kuwa askofu. (Washabiki wa Lupopo wanisamehe kwa kuwaweka wa pili.) Na huko Kamina, mji wa reli, Padri Guido Haazen, Mfransisko, alikusanya watoto na walimu wakaimba Misa kwa tuni za nchi, ndiyo Missa Luba, ambayo tangu mwaka 1958 imesikika katika dunia nzima. Nani katika Katanga atasema vitu hivi si vyetu? Aliyetoa mpira hakujua utachezwaje.

Nisimulie habari ya nyumbani. Babu yangu mzaa mama alipokuwa mtoto, miaka ya 1950, aliokota mipira ya tenisi katika serkle moja ya Wazungu, ambayo sitaitaja. Aliokota tangu saa nane mpaka jua kushuka, lakini maji ya kunywa aliyatafuta nje ya ua, penye bomba la kufulia. Ukaja uhuru. Mwaka 1967 migodi ikawa ya serikali, na baadaye ikapewa jina la Gécamines. Babu alikuwa amekwisha kuwa fundi wa umeme. Basi ukuta ule ulibomolewa? Ulibadili rangi. Wakubwa wa kazi, sasa watu weusi kama yeye, walikuwa na serkle yao, na babu aliingia kwa mlango wa nyuma, koleo mkononi, kutengeneza taa za dansi ambayo hakuicheza. Nikiwa kijana nilimwuliza kama anapachukia mahali pale. Alifikiri kitambo. “Napajua kila waya,” akasema.

Jibu hilo nililiona dogo. Leo naliona kubwa. Babu hakusema amesamehe, wala hakusema amesahau. Alisema mikono yake imo ndani ya kuta zile. Nadhani hapo ndipo penye mlango wa swali letu: kitu si cha yule aliyetoa amri tu, ni cha yule ambaye jasho lake limo ndani yake, hata kama alinyimwa kukikalia.

Na sisi si wa kwanza kukutwa na shauri la namna hii. Nchini Uingereza yako makao makubwa ya mashambani, nyumba ya mtu mkuu pamoja na misitu, mashamba na viwanja vyake, ambayo watu huyahesabu kuwa urithi wa taifa. Mojawapo ni Goodwood, makao ya watawala wa ukoo wa Richmond. Wa kwanza wao alikuwa mwana wa Mfalme Charles wa Pili, aliyezaliwa nje ya ndoa. Alipapenda mahali pale kwa ajili ya kuwinda mbweha. Mwanawe alipenda kriketi, na mwaka 1727 aliandikiana na mwenzake masharti ya mchezo, ambayo ni kati ya kanuni za kale kabisa za kriketi zilizoandikwa. Mwaka 1802 yakaanza mashindano ya farasi. Na barabara iliyouzunguka uwanja wa ndege za kivita, baada ya vita, mwaka 1948, ikawa njia ya mashindano ya magari. Watu husafiri kutoka mbali kutazama haya yote, nao husema: tazama uzuri wa zamani!

Lakini sikilizeni, watu wa migodi. Mfalme yule alimpa mwanawe shilingi moja kwa kila kipimo kikubwa cha makaa ya mawe yaliyopakiwa merikebuni huko Newcastle, kaskazini, mbali kabisa na Goodwood. Ukoo ulikula shilingi hiyo zaidi ya miaka mia moja, mpaka serikali ilipoinunua haki hiyo mwaka 1799 kwa kuwaahidi paundi 19,000 kila mwaka. Basi farasi wazuri na mbwa wa kuwindia walilishwa pia na wachimbaji waliotambaa gizani, ambao hawakuiona Goodwood hata siku moja. Waingereza wenyewe siku hizi wameanza kuuliza maswali. Chama chao cha kutunza majumba ya kale, kilichoanzishwa mwaka 1895, kilitoa mwaka 2020 taarifa juu ya majumba yake yaliyofungamana na utumwa na ukoloni. Wengine walikasirika sana, kana kwamba kutaja mlipaji ni kuiba nyumba. Tena si kila urithi waliushika: kuwinda mbweha kwa kundi la mbwa, mchezo wa wakuu tangu zamani, kumekatazwa kwa sheria tangu mwaka 2005. Kumbe urithi huchujwa. Kriketi ilibaki, mbwa walifungwa.

Mtakatifu Augustino alifundisha jambo lenye kufanana na hili. Waisraeli walipotoka Misri walichukua dhahabu na fedha za Wamisri. Hivyo, akasema, yaliyo mema kwa wapagani Mkristu ayachukue na kuyatumia vema. Seminarini tulilipenda fundisho hilo, maana lilitupa ruhusa ya kusoma vitabu vingi. Lakini mwalimu wetu mmoja alituongezea kazi: tuitafute dhahabu ile jangwani ilifanya nini. Tukaikuta katika kitabu cha Kutoka, mara mbili. Kwanza watu walivua pete zao, wakafanya ndama. Baadaye watu wale wale walileta dhahabu kwa ajili ya hema la Bwana. Dhahabu ile ilikuwa mshahara wa utumwa wao, ndiyo haki yao. Hata hivyo haki hiyo haikuwazuia kuiharibu.

Sasa namrudia ndugu mchimbaji, maana yeye ndiye aliyesema neno gumu kuliko wote. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba mchezo ni pumziko la roho, na kwamba uko wema wa kucheza kwa kiasi. Lakini sithubutu kumsomea Tomaso mtu mwenye njaa. Nitamwambia jambo tunalolijua sote wawili. Hapa Kolwezi tunayafahamu malipo ya mara moja. Tangu mwaka 2003 wafanyakazi wa Gécamines zaidi ya elfu kumi waliachishwa kazi kwa mpango huo. Wakapokea fedha, wakaenda. Nani katika mtaa wetu hana mjomba aliyenunua gari lililokufa kabla ya mwaka kwisha? Na Kasulo tunaijua. Mwaka 2014 watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao, wakachimba uani na hata vyumbani. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilihamishwa, ukajengwa ukuta. Wako waliopata. Lakini mtoto aliyezaliwa Kasulo baada ya hapo, mahali alipochezea kaka yake atapaonyeshwa kwa kidole tu, ng’ambo ya ukuta.

Mfalme Ahabu alitaka shamba la mizabibu la Nabothi. Tukumbuke vizuri: hakuanza kwa ukatili. Alitoa bei ya haki, au shamba lingine lililo bora zaidi. Nabothi alikataa, kwa sababu urithi wa baba zake haukuwa bidhaa mkononi mwake. Yeye alikuwa amewekewa tu, ili naye awawekee wengine. Mtu ataniuliza: je, Nabothi angekuwa na watoto wenye njaa siku ile? Maandiko hayasemi, nami sitaki kujibu kwa niaba yake. Najua tu kwamba sahihi tunayoombwa si ya sisi tulioketi chini ya mwembe peke yetu. Wapo waliobeba udongo wa kiwanja kile kwa vikapu, nao hawapo. Wapo watakaokihitaji, nao hawajazaliwa. Kutia sahihi kwamba “watu hawana neno” ni kusema kwa vinywa vya hao wote. Kwa hiyo mimi sitatia. Akija mtu na shauri la kweli juu ya chakula cha watoto wa wachimbaji, nitaketi naye hata usiku kucha, na kanisa letu lazima liketi naye kabla yangu. Lakini ghala lile halikuwa shauri la chakula.

Na kwa kijana wetu nasema: usiache kianguke. Kikianguka, hata dharau unayoikasirikia haitakuwa na mahali pa kuonyeshwa.

Jumapili iliyofuata tuliketi tena. Hatukukata neno, tajiri amepewa miezi miwili. Yule mama mzee alitaka tuandike kwanza majina ya watu waliokitengeneza kiwanja, na ya wapiga fanfari, kabla wanaoyakumbuka hawajafa. Wakanipa kazi hiyo kwa kuwa nina daftari. Nimepata majina arobaini na moja, mengine ya ukoo bila ya ubatizo, mengine ya utani tu. Mchimbaji alingoja mpaka wengine wakaondoka. Alisimama mbele ya meza, akataja jina la babu yake, akainama kutazama kama nimeliandika sawa. Nilikuwa nimekosea herufi moja. Nikaifuta.