Kutengeneza na Kughushi: Fikira Juu ya Kamera za Kale

Ni lipi deni la fundi kwa kitu cha kale kilichowekwa mikononi mwake? Je, wajibu wake ni kukirudishia sura kiliyokuwa nayo siku kilipotoka kiwandani, au kukirudishia kazi kiliyoundiwa, au kukiacha kama miaka ilivyokifanya? Swali hili laweza kuulizwa juu ya nyumba, juu ya jahazi, hata juu ya mswada wa utenzi. Sisi tumechagua kuliuliza juu ya chombo kidogo kienecho kiganjani, nacho ni kamera ya filamu yenye kipimaumbali. Wapo watu katika nchi nyingi wazikusanyao kamera hizi na kuzitengeneza, na katika shughuli yao hiyo ya upole yamefichika maswali mazito ya haki na ukweli.

Kwanza tukieleze chombo chenyewe. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Ernst Leitz katika mji wa Wetzlar, Ujerumani, alikuwa na ugonjwa wa pumu, na kamera za wakati wake, pamoja na bamba zake za kioo na miguu yake mitatu, zilikuwa mzigo mzito kwa mtu wa kifua kibovu. Karibu na mwaka 1914 aliunda kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35. Vita na shida zilizofuata viliichelewesha kazi hiyo, hata mwaka 1925 kamera hiyo ikaonyeshwa katika maonyesho ya biashara ya Leipzig kwa jina la Leica. Picha yake ilikuwa ya milimita 24 kwa 36. Hata hivyo mpiga picha alilazimika kukadiria kwa jicho umbali uliopo baina yake na kile akipigacho, au kuupima kwa kifaa cha pembeni. Mwaka 1932 kifaa hicho kiliingizwa ndani ya kamera na kuunganishwa na lenzi, katika Leica ya pili, na mwaka huo huo kampuni ya Zeiss Ikon ikatoa kamera yake iitwayo Contax.

Kipimaumbali hufanya kazi mfano wa macho mawili ya mwanadamu. Katika paji la kamera mna vidirisha viwili vilivyotengana. Mwonekano wa kitu huingia kwa kila kidirisha. Mmoja hupenya moja kwa moja katika kioo kilichopakwa utando mwembamba sana, upitishao sehemu ya nuru na kurudisha sehemu nyingine. Wa pili hufika kwenye kioo hicho hicho kwa kuzungushwa pembeni. Basi mpiga picha huona kitu kimoja mara mbili. Azungushapo lenzi, mkono mdogo wa chuma ulioegemea nyuma ya lenzi husogea na kuuvuta ule mwonekano wa pili, na pale mionekano miwili inapokutana ikawa mmoja, ndipo umbali umepatikana.

Chombo cha namna hii hakiwezi kuishi miaka sabini au themanini bila kudhurika. Pazia la nguo iliyopakwa mpira, ambalo ndilo lifunguliwalo kupitisha nuru kwa sehemu ndogo ya sekunde, hukauka na kupasuka, na kila tundu lililo dogo kama ncha ya sindano huacha doa katika picha. Grisi hugeuka gundi, na mwendo uliokuwa wa haraka ukawa wa kusitasita. Utando wa kile kioo cha kupimia hufifia hata mwonekano wa pili usionekane tena. Na katika nchi zetu za joto na unyevu, kuvu huota juu ya lenzi na kutandaza nyuzi zake kama utando wa buibui. Kwa kila dhara la namna hii fundi hana budi kuamua: aondoe, abadili, au aache?

Wapo wasemao kwamba kila kibadilishwacho hupunguza ukweli wa kitu. Hoja hii ni ya zamani. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, alitaja merikebu ya Theseus ambayo Waathene waliihifadhi kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya badala yake, na wanafalsafa wakabishana kama merikebu hiyo ilikuwa bado ile ile. Kamera zinatupa mfano ulio wazi zaidi. Ilipotoka Leica yenye kipimaumbali, wenye kamera za zamani waliweza kuzirudisha kwenye kiwanda cha Leitz zikawekewa kifaa hicho kipya, na namba iliyochorwa juu yake ikabaki ile ile. Kwa hiyo leo yaweza kuonekana kamera yenye namba ya miaka ya 1920 na uso wa miaka ya 1930. Je, kamera hiyo ni ya uongo? Sisi twasema sivyo. Kilichotendeka kilitendeka wazi, kwa hiari ya mwenye mali na kwa mkono wa mwundaji, na yeyote aitazamaye kwa ujuzi atayasoma mabadiliko hayo. Kamera hiyo imebadilika, lakini haikukana jana yake. Ndiyo maana twaona kwamba ukweli wa kitu hauhesabiwi kwa wingi wa vipande vyake vya asili. Twauona katika kupatana kwa kile kisemacho juu yake na yale yaliyokipata kweli.

Sasa tutazame upande wa pili. Katika mji wa Kharkov, nchini Ukraine, palikuwa na komuni ya vijana, wengi wao mayatima na watoto waliookotwa mitaani baada ya vita na njaa. Ilipewa jina la Dzerzhinsky, na miongoni mwa viongozi wake alikuwa Anton Makarenko, mwalimu ambaye maandishi yake juu ya malezi yamesomwa katika nchi nyingi. Mwaka 1934 komuni hiyo ilianza kuunda kamera kwa wingi kwa kufuata mfano wa Leica ya pili. Kamera hizo ziliitwa FED, yaani herufi za mwanzo za majina ya Felix Edmundovich Dzerzhinsky. Mtu aweza kuwalaumu waliouiga mfano wa wenzao bila idhini, na lawama hiyo ina uzito wake. Lakini chombo chenyewe kilibeba jina lake waziwazi. Kilisema: mimi ni FED, nimetoka Kharkov. Baadaye, kuanzia mwaka 1948, kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow kilitoa ndugu yake aitwaye Zorki.

Miaka mingi ikapita, na hasa baada ya kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti mwaka 1991, wakatokea watu walioona faida. Walichukua kamera za FED na Zorki, wakakwangua jina, wakachora jina la Leica. Nyingine walizitia rangi ya dhahabu, na nyingine wakazichora alama za majeshi ya Hitler, kwa kuwa wapo wanunuzi wa vitu hivyo. Mjuzi huzitambua upesi: akiitoa lenzi na kuchungulia ndani, ule mkono wa kipimaumbali katika Leica huishia kwa kigurudumu cha mviringo, ilhali katika FED huishia kwa ncha kama ulimi. Lakini mnunuzi asiyejua hulipa bei ya jina.

Aghalabu watu husema kwamba aliyedhulumiwa hapa ni mnunuzi peke yake. Sisi twaona yupo mwingine aliyedhulumiwa zaidi, naye hana wa kumtetea. Kijana wa Kharkov, aliyeokotwa njiani akafundishwa kushika bisibisi na kusaga lenzi, aliacha duniani ushahidi mmoja wa ufundi wake, na ushahidi huo ulikuwa ni jina la chombo alichokiunda. Aliyelikwangua jina hilo ameufuta mkono wa yatima akaweka mahali pake jina la tajiri. Na hili ndilo litufunzalo tofauti ya kutengeneza na kughushi. Kamera iliyoghushiwa yaweza kuwa nzima kabisa, pazia lake likafunguka sawasawa, picha zake zikawa safi. Uongo wake haumo katika lenzi wala katika pazia, bali katika kauli yake juu ya asili yake.

Kati ya ncha hizi mbili mna jambo jingine lililo gumu zaidi kuliamua. Kamera nyingi nyeusi zimeundwa kwa shaba ya manjano iliyopakwa rangi. Mkono uzishikapo kwa miaka, rangi huliwa pembeni na shaba ikachomoza. Wakusanyaji wameipenda alama hiyo, kwa kuwa huonyesha safari za chombo. Basi wamezuka watu waisuguao kamera mpya kwa msasa ili ionekane kongwe. Hata kampuni ya Leica yenyewe, mwaka 2015, ilitoa kamera 125 zilizobuniwa pamoja na mwanamuziki Lenny Kravitz, zilizochakazwa kwa mkono kabla hazijauzwa. Hapa hapakuwa na udanganyifu wa kibiashara, maana wanunuzi waliambiwa. Hata hivyo twaruhusiwa kuuliza, ni nini hasa kilichonunuliwa? Henri Cartier-Bresson, mpiga picha wa Ufaransa, alizifunika sehemu zing'aazo za Leica yake kwa utepe mweusi ili watu barabarani wasiitambue. Hakutafuta sura ya ukongwe. Alitafuta picha, na ukongwe ukamjia wenyewe. Kununua makovu ya vita usivyopigana si wizi, lakini ni kujipatia heshima pasipo jasho, na anayezoea kidogo hicho yamkini hataona ubaya katika kikubwa zaidi.

Itasemwa kwamba, kwa kuwa hatari ni nyingi hivi, afadhali vitu vya kale visiguswe kabisa. Soko nalo laiunga mkono rai hiyo. Mwezi Juni mwaka 2022, katika mnada uliofanyika Wetzlar, kamera namba 105 ya zile za majaribio zilizotangulia Leica ya 1925, nayo ilikuwa ya Barnack mwenyewe, ilinunuliwa kwa Euro milioni 14.4. Nani angethubutu kuipaka rangi kamera hiyo? Twakubali kwamba kitu cha pekee, ambacho mikwaruzo yake ni sehemu ya historia, kisiguswe ila kwa kukizuia kisiharibike. Lakini kanuni ya kitu kimoja cha pekee haiwezi kuwa kanuni ya maelfu. Kamera ya kawaida, mathalani Canonet ambayo kampuni ya Canon ya Japani iliianza mwaka 1961 kwa ajili ya watu wa kipato cha wastani, iliundwa ipige picha za harusi na za watoto. Kuiacha ife kabatini kwa kisingizio cha kuitunza ni sawa na kulitundika jembe ukutani wakati wa masika.

Kwa maoni yetu, mambo matatu yatosha kumwongoza fundi mwaminifu. Atende lile lihitajiwalo ili chombo kifanye kazi yake, wala asivuke hapo kwa tamaa ya kupendeza. Avihifadhi vipande avitoavyo, hata vikiwa vibovu. Tatu, ambalo ndilo kubwa, aandike alichokifanya na kukiambatanisha na chombo, ili atakayekipokea baadaye ajue ni kipi cha zamani na ni kipi cha jana. Kazi ambayo fundi haoni haya kuiandika ni matengenezo. Kazi ambayo angependa isijulikane, hiyo imekwisha kukaribia ughushi, hata kama mkono wake ni hodari.

Kwetu sisi walimu wa Kiswahili, jambo hili haliko mbali. Kila juma twapokea insha za wanafunzi zenye nyufa, na kila mmoja wetu anashika kalamu nyekundu kama fundi ashikavyo bisibisi. Twasahihisha upatanisho wa ngeli, twanyosha sentensi, na hiyo ni haki na wajibu. Lakini mwalimu aandikapo upya insha nzima kisha akaituma mashindanoni kwa jina la mtoto, amechora jina la Leica juu ya FED. Vivyo hivyo mhariri wa mswada wa kale abadilishapo neno la lahaja kwa neno sanifu bila kumwarifu msomaji, amekwangua jina la mwenye kazi. Nasi tufundishao katika nchi jirani, ambako mtoto huja darasani na Kiswahili cha Lubumbashi au cha Buyenzi, tumfundishe Kiswahili sanifu kwa bidii zote, ila tusimfundishe kuona haya kwa kile alichotoka nacho nyumbani. Sanifu ni kipimaumbali alichoongezewa, na namba yake ya asili ibaki mahali pake.

Wahenga walisema kwamba ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Usemi huo ni wa matumaini, lakini ukweli haudhihiri bila mtu wa kuudhihirisha. Katika mambo ya vitu vya kale mtu huyo ni fundi, kwa karatasi yake ndogo iliyoandikwa kwa mkono: pazia jipya, kioo kipya, jina la asili.