Mnyororo Ninao Mimi

Mjukuu wangu,

Jumamosi ulinuna hadi ukaacha ugali mezani, eti babu amekuzimia trekta mbele ya wenzako. Siku ile sikuwa na pumzi ya kueleza. Leo ninayo, basi soma, na wasomee hao wenzako waliokuwa wanapiga miluzi.

Fuso la mpunga lilikuwa limezama kwenye tope la mbuga. Kulivuta lilikuwa jambo la utu, hapo sina ugomvi nawe. Lakini mnyororo uliufunga juu, pale inapochomekwa plau, kwa kuwa hukutaka kuinama kwenye matope. Ukatia gia ya kwanza, ukakanyaga moto. Magurudumu ya mbele ya trekta letu la Massey yakanyanyuka shibiri mbili, nawe ukacheka.

Trekta likifungwa juu ya ekseli na magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka, nguvu ya injini haipotei. Inazungusha trekta lenyewe, pua juu, mgongo chini. Linapinduka kabla mguu haujafika kwenye klachi, na aliye chini yake ni dereva. Mnyororo hufungwa chini, kwenye kile chuma cha kuvutia, hata kama utapiga magoti topeni.

Unakumbuka safari yangu ya Ohio? Binti yangu, shangazi yako, aliniuliza nataka kuona nini Marekani. Nikamwambia matrekta. Akacheka, halafu mwezi wa nane akanipeleka Bowling Green, kwenye mashindano ya kuvuta. Nilikaa juani siku nzima kama mtoto aliyepelekwa sarakasi. Trekta linafungwa tela lenye sanduku la uzito. Mwanzoni sanduku liko nyuma, juu ya magurudumu, mzigo unaonekana mwepesi. Kadiri trekta linavyokwenda, sanduku linatambaa kuja mbele na kulikandamiza tela ardhini. Zamani, nikaambiwa, watu walisimama kando ya njia wakawa wanapanda mmoja mmoja kadiri linavyopita. Umbali kamili ni kama mita 91 tu, na wengi hawaufiki. Anayefika mbali kuliko wenzake ndiye mshindi.

Moshi na kelele ndivyo watu wanavyovifuata, lakini mimi nilikodolea macho vitu viwili. Kwanza, nyuma ya kila trekta pana vyuma vya kulizuia lisipinduke. Pili, kuna waya kutoka kwenye tela hadi kwenye kizimio cha injini. Mambo yakiharibika, waya unavutwa na injini inakufa. Wale ni wakulima wenye mashine za nguvu za kutisha, na hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kuvuta bila mtu mwingine kuwa na uwezo wa kumzimia. Sikumwona aliyenuna.

Sasa nikuambie jambo ambalo vijiweni sijawahi kulisimulia. Mnaniita shujaa wa vita vya Kagera. Machi 1979 nilikuwa mgambo katika Brigedi ya 201, wengi wetu wakulima tuliofundishwa bunduki harakaharaka. Tulifika Lukaya, mji mdogo kando ya barabara inayokatiza bwawa kuelekea Kampala. Tarehe 10 jeshi la Amin na Walibya wakatumiminia makombora. Mengi yalipita juu ya vichwa vyetu, lakini ule mlio hatukuwa tumewahi kuusikia. Tulikimbia. Nami nilikimbia, nikapoteza hata kiatu kimoja.

Hakuna aliyetuambia turudi pale pale tukafe kwa ajili ya sifa. Tulikusanywa, tukahesabiwa, tukapangwa upya. Brigedi ya 208 ikazunguka hadi barabara ya Kampala, nyuma ya adui, nasi tukaingia kwa mbele. Tarehe 11 Lukaya ikawa yetu. Mwezi mmoja baadaye, 11 Aprili, Kampala ikaanguka. Kama tungeng'ang'ania kwenye matope yale kwa kuogopa kuitwa waoga, baba yako asingezaliwa, nawe usingekuwa na wa kumnunia.

Kwa hiyo uliponiuliza Jumamosi, "Babu, unaogopa?", jibu ni ndiyo. Naogopa trekta. Nimelima nalo miaka mingi na bado kila asubuhi nalizunguka mara moja kabla ya kupanda. Na huo mkopo unaoutaka ununue lako mwenyewe, kaa kwanza na daftari. Hesabu msimu ambao mvua imegoma. Mwezi wa kwanza rejesho ni jepesi, sanduku bado liko nyuma.

Fuso lile tulilitoa, kama ulivyoona, baada ya kupakua magunia na kuweka magogo chini ya matairi. Ilichukua saa tatu na hakuna aliyepiga mluzi.

Ufunguo wa Massey uko kwa bibi yako, ukachukue. Mnyororo ninao mimi. Njoo nikuonyeshe unapofungwa.